Ghuba Isiyokuwa na Mtu

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, jua likianza kushuka

Kwa mwanangu Kabula,

Marahaba. Naitoa leo marahaba ya shikamoo utakayonipa kesho pale gatini, kwa sababu kesho sijui kama sauti itatoka. Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naisikia kupitia ukutani. Unakunja nguo, unaimba, unaacha kuimba, unamwuliza mama yako liko wapi sweta la bluu. Mimi nimekaa hapa barazani na karatasi juu ya goti, na kila nikimaliza mstari nanyanyua macho kuona mawingu yanaelekea wapi. Leo yanakwenda vizuri. Lakini hilo halinitulizi, maana wewe unasafiri kesho.

Sitakuandikia habari za chandarua, dawa, wala mahali pa kuweka pesa. Mama yako ameshayasema hayo mara nyingi mpaka na mimi nimeyakariri. Wala sina la kukufundisha kuhusu Mbayuwayu yenyewe. Matanga ya boti ile unayajua kuliko mimi, na injini yake umeifungua na kuifunga mbele ya macho yangu bila kubakiza nati hata moja sakafuni. Ninachotaka ni kukueleza lile swali langu lililokuchekesha.

Unaikumbuka siku hiyo. Ulitoka mjini ukiwa umeloa jasho, ukasema, “Baba, Alhaji Sudi ameuza boti. Walionunua wako Entebbe. Wanataka niwapelekee mimi, halafu nibaki kule niwe nahodha wao.”

Nikakuuliza, “Njiani mtakuwa mnalala wapi?”

Ukacheka sana. “Baba, kila mtu ananiuliza mshahara. Wewe unauliza nitalala wapi!”

Nikanyamaza, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kunyamaza. Najua umedhani nimekasirika. Mama yako naye alidhani hivyo, akanisema kwa kirefu. Sikukasirika, mama. Nilikuwa nimeogopa, na mimi nikiogopa uso wangu unafanana na wa mtu mwenye hasira. Ni kasoro niliyozaliwa nayo.

Ni swali la kweli, lakini. Wewe na wenzako wawili mtashika magharibi, mpite Kome na Maisome, kisha mpande na pwani ile ndefu mpaka Bukoba na kuvuka mpaka. Pwani ile unaweza kwenda mchana mzima usione bati hata moja. Mchana haunisumbui. Mchana unaona, una tanga, una injini, una akili zako. Kinachonisumbua ni ile saa ya jioni ambapo umechoka, mawingu yamesimama nyuma yako, na inabidi uangalie ufuko usioujua uamue: hapa ndipo nitatia nanga. Ukikosea hapo, kosa lako utalikuta limeamka kabla yako.

Kuna safari moja ambayo hatujakusimulia yote. Ulikuwa shule ya bweni, kidato cha tatu. Uliporudi likizo tulikwambia tu, “Tulichelewa kule magharibi kwa sababu ya magugu maji.” Na kovu lile la mama yako mguuni ulipoliuliza, nadhani alikwambia ni jembe. Si jembe.

Nianzie nyuma kidogo, maana bila hapo hutaelewa kwa nini mtu wa Buhongwa, mtoto wa wafuga ng'ombe ambaye hajui kuogelea mpaka leo, alikuwa ameshika usukani wa yoti katikati ya ziwa.

Unajua nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Ilipokuja habari ya soko huria na wafanyabiashara binafsi wakaanza kununua pamba vijijini, wenzangu walinusa mapema. Mmoja akaenda viwanda vya sangara, mwingine akafungua gereji. Mimi nikabaki. Mashine zikaanza kulala siku mbili, wiki, mwezi. Ukimya ukazidi humo ndani mpaka unasikia popo darini, na mimi nikawa namwambia mama yako, “Afadhali, kazi imekuwa ya utulivu.” Mlinzi alipotukabidhi barua za kupunguzwa kazi, nadhani mimi peke yangu ndiye niliyeshangaa. Nilikuwa nimekaa mahali palipotulia, sikujiuliza kwa nini pametulia. Ungedhani ningejifunza hapo.

Alhaji Sudi alinichukua kwa sababu ya injini. Alikuwa amenunua boti ile ya matanga kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akitaka kuikodisha kwa watu wanaopenda visiwa. Nahodha wake wa kwanza akamkimbia, akaenda kwenye sangara kama kila mtu. Basi Alhaji akaniita dukani kwake akaniambia, “Fundi, wewe umekaa na yule nahodha msimu mzima. Umeona anavyofanya. Fanya hivyohivyo.” Hivyo ndivyo nilivyopata unahodha. Mama yako akaja kuwa mpishi, kwa sababu alisema hawezi kukaa nyumbani akingoja habari zangu kwenye redio.

Safari yenyewe alikodisha mama mmoja kutoka Dar es Salaam, Daktari Neema. Si daktari wa watu, ni wa ndege. Alikuwa akihesabu ndege wa majini kwenye fukwe zisizofikika kwa gari. Mtu mpole, mwembamba, anayecheka taratibu. Tulikwenda naye vizuri mpaka tulipoipita Maisome. Alasiri hiyo upepo ukaanza kutoka kaskazini, ziwani, ukiongezeka, na mawimbi yakawa na vichwa vyeupe. Mama yako alikuwa akishika sufuria kwa mikono miwili.

Tulianza kupita mwalo mmoja wa wavuvi. Mitumbwi imelala mchangani, moshi, nyavu zimeanikwa, vibanda vya nyasi na turubai. Ulionekana uko wazi kabisa mbele ya upepo. Na palikuwa na mwanamke mmoja amesimama majini mpaka magotini, anatupungia kanga. Anapunga kwa nguvu, kama mtu anayeita gari la mwisho.

“Anatuita,” mama yako akasema.

“Namwona.”

“Basi twende.”

Sikwenda. Unakumbuka habari za miaka ile, za watu kuporwa injini ziwani, za wavuvi kukutwa wameachwa juu ya mwamba bila chombo. Nilikuwa na injini mpya ya Alhaji, nilikuwa na mgeni wa watu, nilikuwa na mke wangu. Nikaona mitumbwi mingi na wanaume wengi nisiowajua, nikasema moyoni huyu mwanamke ni chambo. Nikalikaza tanga, nikaizunguka rasi ya mawe iliyokuwa mbele.

Na nyuma ya rasi, Kabula, palikuwa na ghuba. Sijaona ghuba nzuri kama ile. Mdomo wake ulitazama kusini-mashariki, rasi imeukata ule upepo wa kaskazini kabisa. Tuliingia tu, kelele zote zikakoma. Maji kama kioo, mafunjo pembeni, ndege weupe wamejaa mpaka Daktari Neema akashika kifua. Nikapima kina kwa kamba, nikatia nanga, ikashika. Nikamtazama mama yako kama mtu anayengoja kusifiwa.

Yeye alikuwa anazunguka na macho. “Baba Kabula, hapa hapana mtu.”

“Ndiyo uzuri wake.”

“Hakuna mtumbwi. Hakuna hata majivu ya moto. Wale wenzetu wanapigwa na upepo upande ule, na hapa ni hatua chache tu. Kwa nini hawakai hapa?”

Nikamwambia hawana akili. Nasikia aibu kuliandika neno hilo, lakini ndilo nililosema, na kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Ile ghuba ilitukinga na upepo wa jioni. Hilo ndilo nililoliangalia, upepo uliokuwa unanipiga wakati ule. Sikujiuliza upepo utakaokuja baada yake utatoka wapi. Alfajiri upepo ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka kusini-mashariki, taratibu, wala haukuwa mkali. Niliamka kwa sababu boti ilikuwa imetulia kupita kiasi. Haikutikisika hata kidogo. Nikatoka nje nikadhani nimechanganyikiwa, maana maji hayakuwepo. Palikuwa na shamba. Majani mabichi na maua ya zambarau, kuanzia ubavu wa boti mpaka nje ya mdomo wa ghuba, yamebanana kama mkeka. Magugu maji. Upepo ulikuwa umeyakusanya kutoka ghuba kubwa yote ya nje, ukayasukuma humu kama mtu anayefagia uchafu kwenye kona.

Nikawasha injini. Ikaunguruma, ikakohoa, pangaboi lake la majini likajaa mizizi, ikazima. Nikalisafisha nikining'inia nyuma na kisu, nikawasha tena, ikazima tena. Nikavuta nanga, kamba ikaja imevaa majani unene wa pipa, haikunyanyuka. Na mkeka ule mzima ulikuwa ukisogea, polepole, na sisi ndani yake, kuelekea mawe ya rasi. Nanga ilikuwa inaburuta chini na sikuwa na la kufanya. Jua lilipopanda, upepo ukalegea, tukasimama. Kutoka ubavuni, jiwe la kwanza ningeweza kuligusa kwa upondo.

Pale pale Daktari Neema akaanza kutetemeka. Malaria, na ilimpanda haraka. Vidonge vyake alimeza akatapika, akameza akatapika. Asubuhi hiyohiyo alikuwa anazungumza na mtu tusiyemwona.

Sasa nisikilize. Mimi ndiye niliyekuwa nahodha, na nilichofanya ni kutembea. Kutoka mbele ya boti kwenda nyuma, kutoka nyuma kwenda mbele. Nikasema tungoje upepo ugeuke tena jioni, utayatoa. Mama yako akasema, “Na alfajiri utayarudisha, na safari hii yatatupandisha kwenye mawe. Na huyu hatafika jioni.”

Akachukua ovaroli yangu ya kiwandani akaivaa. Akakiteremsha kile kiboti cha mpira juu ya majani, akalala kifudifudi ndani yake.

Nikamwambia, “Nitakwenda mimi.”

“Wewe ni mzito, na hujui kuogelea. Kaa na mgonjwa.”

“Kuna mamba humo, Mama Kabula.”

“Najua kuna mamba.”

Akaanza kujivuta kwa mikono, akishika magugu mafungu mafungu, kuelekea ufukweni. Alikuwa akienda kama mtu anayetambaa juu ya kitanda kisichokwisha. Mara nyingine mkono unazama mpaka begani. Nilimtazama mpaka akafika kwenye mafunjo, ovaroli ya bluu ikaingia, mafunjo yakatikisika kidogo, yakaacha kutikisika.

Wasiwasi wa kila aina nimeuonja, lakini ule haujapata mwenzake. Palikuwa na kiboko mahali fulani humo ndani, alikuwa akikoroma na mimi sijui yuko upande upi. Nikaita jina la mama yako. Nikaita tena. Nikapiga sufuria kwa mwiko. Ndege wakaruka wote, wakatua tena, basi. Daktari Neema akafumbua macho, akasema kwa sauti ndogo, “Baba Kabula, kaa chini tafadhali. Boti nzima inatetemeka kwa ajili yako.” Nikakaa. Nikaloweka kitambaa, nikamwekea kichwani, nikakitoa, nikakiloweka tena. Ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo, na nakwambia ilinisaidia mimi kuliko yeye. Nilikufikiria wewe. Nilifikiri nitakuja kwenye geti la shule yako nikuambie nini.

Jua lilikuwa limeshainama nilipowasikia. Si mama yako kwanza, mapanga. Sauti ya mapanga kwenye mafunjo, na wanaume wanabishana kwa Kizinza. Mitumbwi miwili ikatokea, wanakata na kusukuma, wanakata na kusukuma, na kwenye mtumbwi wa mbele ameketi yule mwanamke wa kanga, na pembeni yake mama yako, mguu umefungwa kitambaa kilicholowa damu. Alikuwa amechomwa na kisiki cha tete kilichovunjika, kikaingia kwenye kifundo, akapanda mawe ya rasi na mguu huo mpaka mwaloni.

Yule mwanamke aliitwa Nyanjige, alikuwa na kibanda cha chakula pale. Alipanda botini kwetu, akanitazama kuanzia miguuni.

“Shikamoo, Mama,” nikasema, ingawa nadhani tulikuwa marika.

“Marahaba. Ndiyo wewe jana ulinipita?”

“Ndiyo.”

“Nilipunga mpaka mkono ukauma.”

“Nilidhani…”

“Ulidhani sisi wezi,” akasema. “Na vijana hapa walidhani ninyi ni wezi. Boti kubwa, mlingoti mrefu, haina samaki, inapita inatuchungulia! Walishaficha mashine zao kichakani. Mimi nikawaambia mwizi hatembei na mwanamke ameshika sufuria. Nikaona watu wa mjini wana njaa, nikasema leo nimepata wateja.”

Hakukuwa na zaidi ya hapo, mwanangu. Alitaka kutuuzia ugali na sato. Mimi niliona chambo.

Daktari Neema walimbeba kwenye mtumbwi wenye mashine wakamkimbiza zahanati, na wakatuletea habari kwamba ametundikiwa dripu na anaomba darubini yake. Sisi walitukwamulia nanga kwenye magugu, wakatuvuta hadi mwaloni kwao. Na pale nikaona ambacho sikukiona nilipokuwa nakimbia. Mbele ya ule ufuko niliodhani uko wazi kulikuwa na fungu la mchanga chini ya maji, refu. Mawimbi yalikuwa yanafika pale yanavunjika, na yanayobaki yanakuja ufukweni yamechoka. Kwenye ghuba ile nyingine hawalali, kwa sababu kila aliyewahi kulala humo aliamka kama sisi. Wangeniambia yote hayo kama ningeuliza, tena kwa kicheko.

Sasa unajua kwa nini niliuliza mtalala wapi. Sitaki ujifunze kutoka kwangu kuwaamini watu wote. Injini ziliibwa kweli, na watu walikufa kweli. Sina kipimo cha kukupa, na hilo ndilo linaloninyima raha tangu uliponiambia habari hii. Ninachoweza kusema ni kwamba ukiwaogopa watu, sogea karibu kidogo uwaogope vizuri. Ona kama kuna watoto, kama kuna mwanamke anayepika, kama nguo zimeanikwa. Ukikuta mahali pazuri mno na hapana hata majivu, mwulize mwenzako kwa nini, na asiyekubaliana nawe msikilize mara mbili. Na kabla hujalala simama nyuma ya boti uwaze upepo utakaovuma ukiwa usingizini.

Nimewaza pia habari ya wewe kuwa mwanamke kati ya mialo hiyo. Nimeiwaza sana. Nikikumbuka aliyetutoa kule, nashindwa kuifanya iwe sababu ya kukuzuia.

Mama yako amekuja hapa barazani akasimama nyuma yangu. Amesoma bila kuniomba ruhusa, kama kawaida yake. Amesema, “Mtoto anasafiri, umemjazia karatasi yote woga. Hukumwambia ya jioni ile?”

Nilikuwa sijakuambia. Basi ni hivi. Jioni ile Nyanjige alimkanda mama yako mguu kwa maji ya moto na chumvi, akatulisha, akatusimanga, akachukua hela yake. Tukarudi botini. Upepo wa kaskazini ukaanza tena kama jana yake, mkali, nasikia mawimbi yanapasuka kule kwenye fungu, na Mbayuwayu ikawa inainuka na kushuka kidogo tu, kama kifua cha mtu anayepumua. Mama yako alilala hapo hapo juu, kichwa kwenye furushi la tanga, mguu juu ya ndoo. Mwaloni watu walikuwa wanacheka, mtu anapiga redio. Nilikuwa nimechoka kuliko siku yoyote ya maisha yangu na nilikataa kulala. Si kwa kuogopa. Nilikuwa nimekaa nimeshika kamba ya nanga kwa vidole viwili, naisikia imekaza na kulegea, imekaza na kulegea, inajua kazi yake, na sikutaka kuikosa hata dakika moja ya saa ile. Miaka yote niliyokaa nchi kavu, nyumba imefungwa kwa komeo, sijawahi kujisikia niko salama namna ile.

Nisingeipata saa ile kama ningebaki Buhongwa. Na wewe hutaipata hapa Pasiansi, hata nikikufungia mlango.

Nenda, Kabula. Jibu langu ni hilo, limechelewa lakini ndilo.

Ni mimi baba yako, ambaye kesho atanuna pale gatini, na wewe usidhani amekasirika.